Ebola: Beni na Butembo walijibu maswali, majibu yalirudi kwa nani?

Mwezi wa tisa 2018, mwezi mmoja tu kisha Ebola kutangazwa, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo: Ebola iko kweli? Unaamini viongozi? Utakubali chanjo?

Matokeo yalitoka mwezi wa tatu 2019 katika The Lancet Infectious Diseases, jarida la wanganga la Uingereza. Mtu mmoja kwa wanne alisema Ebola haiko. Na karibu mmoja tu kwa watatu aliamini kama viongozi wa hapa wanatetea masilahi yake. Asiyewaamini ndiye pia alisitasita kukubali chanjo ao kwenda hospitali. Beni, ambako raia wanauawa tangu 2014, jambo hilo halishangazi.

Kazi kama hiyo haichapishwi haraka: kwanza wataalamu wengine wanaichunguza. Miezi sita ikapita, ugonjwa ukiendelea kuenea. Tena ikatoka kwa Kiingereza, lugha ambayo wakaaji wengi wa Kimemi hawasomi.

Ebola ilitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ikiisha kuua watu zaidi ya 2 200. Mwezi wa pili 2021 ikarudi upande wa Butembo. Watafiti nao watarudi kupiga hodi. Wakichukua majibu mlangoni, warudishe matokeo kwa mlango uleule, kwa Kiswahili ao Kinande. Bila hiyo, imani waliyokuja kupima itazidi kupungua.