Kinamasi cha Dunga Chatosha, Walimu

Kila msimu wa ziara za masomo uwadiapo, orodha hubandikwa kwenye mbao za matangazo, na papo hapo darasa hugawika mapande mawili: watakaokwenda na watakaosalia. Aghalabu safari yenyewe ni ya mbuga ya mbali. Basi hukodiwa, kiingilio na malazi hujumlishwa, na mzazi ambaye hata karo huilipa kwa mkopo hana budi kumwambia mwanawe asubiri mwaka ujao. Siioni hekima ya desturi hii, hasa kwa shule za Kisumu na viunga vyake, zenye kinamasi cha Dunga mlangoni pao.

Dunga iko kilomita chache kusini mwa mji, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Mafunjo yake ni maskani ya ndege mwenye kifua chekundu mithili ya damu, utosi wa manjano na mgongo mweusi. Wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri. Ndege huyu haishi popote duniani ila katika mafunjo ya eneo la Maziwa Makuu. Watalii huvuka bahari kuja kumtazama, ilhali mwanafunzi wa Gredi ya Saba aliyezaliwa mwendo wa saa moja kutoka hapo hajapata kuusikia hata mlio wake. Je, huu si mzaha?

Gharama ni nauli ya matatu, na kwa shule za karibu ni miguu tu. Chakula kitoke nyumbani. Lililo la lazima ni kudamka, maana ndege wa mafunjo hulia na kujitokeza alfajiri, na jua likishapanda hujichimbia ndani. Saa kumi na mbili na nusu wanafunzi wawe wamekwisha kufika. Darubini moja yaweza kutumiwa na kundi zima kwa kupokezana, na asiyeifikia zamu yake atumie masikio, kwani humo ndege husikika kabla ya kuonekana. Penye kubana matumizi, ujira wa kijana wa kijijini anayewaongoza wageni usiguswe. Yeye ndiye ajuaye viboko wamelala wapi. Na mtu yeyote asiingie majini, kwa sababu ya kichocho.

Wapo walimu watakaoniambia kwamba watoto wanataka simba. Sawa, simba ni simba. Lakini simba huyo hutazamwa dirishani kwa dakika chache, na basi likageuka. Dunga yaweza kurudiwa kila muhula, na hapo ndipo penye faida. Mafunjo haya huchuja maji machafu kabla hayajafika ziwani, na samaki huzaliana humo. Hayo hayo hukatwa kwa kusukia mikeka na vikapu, kazi ya halali inayolisha watu. Tatizo ni moto na majembe ya wanaotaka mashamba. Shule itakayohesabu ndege mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, itakuwa na daftari la kuonyesha kilichopungua, na lini.

Basi muhula ujao itengwe Jumamosi moja, na orodha ya wasafiri iwe ile ile ya darasa, bila jina kukatwa.