Usisubiri mavuno ndipo upige hesabu

Vijana wenzangu, mkulima akiniambia "nimetumia nusu ya bajeti, niko vizuri," huwa namuuliza: kazi iliyokwisha fanyika ulikuwa umeipangia shilingi ngapi?

Chukua ekari moja ya nyanya, bajeti milioni 3. Umeshatumia milioni 1.5, lakini kitalu, kulima, kupandikiza na palizi ya kwanza ulivipangia milioni 1.2 tu. Gawa 1.2 kwa 1.5, unapata 0.8. Yaani kila shilingi 100 imekupa kazi ya shilingi 80. Ukiendelea hivyo, shamba litakula milioni 3.75. Hiyo laki saba na nusu utaitoa wapi, ukungu umeingia na dawa huna?

Mimi nasema fanya hesabu hii kila wiki mbili, ungali na nafasi ya kurekebisha.