Liemba isigeuzwe pambo la watalii

Mwaka 2023 Tanzania ilisaini mkataba wa kuikarabati MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika iliyokuwa imesimama kwa miaka kadhaa. Mtu anaweza kuuliza: sisi wa Mushasha, ambao ziwa hatulioni, yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji chenye mlima nyuma na maji mbele, huku kipindupindu kikiwaandama. Chombo kilichowatoa pale kuwapeleka Kigoma kilikuwa Liemba, watu wapatao 600 kwa safari moja. Wengi waliorudi nyumbani kutoka kambi ya Nyarugusu walianza ukimbizi wao juu ya sitaha ile. Kabla ya hapo, mwaka 1997, meli hiyo hiyo ilisaidia kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000.

Lakini kila inapoandikwa habari ya Liemba, tunasimuliwa Wajerumani. Kweli, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma kwa meli na reli, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Jina la kwanza lilikuwa la Graf von Götzen, gavana aliyetawala Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Je, historia ya gavana ihifadhiwe, na ya mama aliyevuka na watoto isahauliwe?

Wapo wanaotaka meli hii ifungwe gatini, iwe jumba la makumbusho na hoteli. Mimi napinga. Tazameni ngoma zetu za Gishora, jirani na Gitega. UNESCO iliutambua urithi huo mwaka 2014, na umefika hapo kwa sababu ngoma zinapigwa na vijana wanafundishwa kuzipiga. Ngoma iliyotundikwa ukutani huliwa na mchwa. Hata Liemba imedumu kwa kufanya kazi: mashine zake za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, ikawekewa za dizeli, ikaendelea kubeba abiria, dagaa na mahindi hadi Mpulungu, Zambia.

Na biashara je? Zamani Liemba ilifika Bujumbura pia. Mfanyabiashara wa Muyinga anayepitishia mzigo Kobero anajua maana ya kutegemea barabara moja: daraja likikatika au lori likianguka, bei inapanda sokoni. Reli ya Kati inafika Kigoma, na kutoka Kigoma hadi Bujumbura ni maji matupu. Njia ya pili haimwondoi mtu wa Kobero kazini. Inampa pa kukimbilia siku ya shida.

Atakayesema meli ya zaidi ya miaka 100 ni hatari ana hoja. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria Mei 1996, mamia wakafa. Kwa hiyo bati la chini lipimwe lote, idadi ya abiria iheshimiwe, maboya yatoshe. Ikithibitika haiwezi tena mizigo mizito, ibebe watu na mizigo myepesi, lakini itembee.

Naomba mambo mawili. Serikali yetu izungumze na Tanzania ili Bujumbura irudishwe kwenye ratiba. Na Jumba la Makumbusho la Gitega, lililopo tangu 1955, lianze kukusanya simulizi za waliovuka na Liemba, nakala ziwekwe ndani ya meli kwa Kirundi na Kiswahili. Waliovuka mwaka 2015 wakiwa watu wazima wanazeeka. Tusipowauliza sasa, watalii watabaki kusomewa habari za grisi ya Wajerumani.