Eti Redio ni Mambo ya Babu? Waya Wangu wa Olenguruone Unawajibu

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki tatu na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Olenguruone nikizungusha waya kwenye fremu ya mbao, na nimerudi na hasira kidogo. Mnivumilie.

Hasira ilianzia Nairobi, kwenye kikao kimoja cha watunzi wa programu. Kila mtu alisimama kueleza anachotengeneza. Wengi wao, sikutanii, walikuwa na programu ya kukopesha watu pesa kwa simu. Zamu yangu ilipofika nikasema ninasikiliza masafa ya chini, chini ya 500 kHz, kule ambako redio ya jikoni haifiki. Watu wakacheka. Kijana mmoja akaniambia, "Buda, hiyo ni teknolojia ya babu."

Haya. Tuizungumze hiyo teknolojia ya babu.

Redio ya ridhaa ni ile ya watu wasiolipwa, wanaoifanya kwa kujifunza na kwa kupenda. Mwaka 2007, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva uliwapa watu hao kipande kidogo cha masafa, 135.7 hadi 137.8 kHz. Mwaka 2012 wakaongezewa 472 hadi 479 kHz, jirani kabisa na 500 kHz ambayo meli zilitumia kuomba msaada kwa Morse tangu enzi za Titanic hadi mfumo mpya ulipochukua nafasi mwaka 1999. Wimbi la 137 kHz lina urefu wa karibu mita 2,190. Antena kamili ya robo wimbi ingekuwa mlingoti wa zaidi ya mita 540! Hakuna mwenye mlingoti huo shambani, kwa hiyo watu hutumia waya mfupi ambao hupoteza karibu nguvu yote kama joto, na kinachotoka hewani kinatakiwa kisizidi wati 1 hivi. Taa ya sola ya mama yangu inakula zaidi ya hapo.

Na bado ujumbe unafika. Mwaka 2001, watu wa ridhaa wa Uingereza na Kanada waliwasiliana kwa pande zote mbili kwenye 136 kHz, wakivuka Atlantiki, kwa Morse ya polepole mno. Nukta moja tu ilichukua zaidi ya dakika. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kusikiliza kitu kama hicho. Ni kompyuta iliyokusanya ule mnong'ono na kuuchora kwenye skrini. Mwaka 2008 Joe Taylor, mwanafizikia aliyeshinda Nobel mwaka 1993, akatoa WSPR. Hiyo hubeba biti 50 tu kwa karibu dakika mbili na kusomeka hata pale ambapo mawimbi yamezama kabisa ndani ya kelele. Sasa niambieni, hapo babu yuko wapi? Redio zenyewe ni zile zile. Kilichobadilika ni msimbo, kazi ile ile tunayojisifu kuwa tunaijua.

Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne. Kanuni za Fourier tulifundishwa, tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna siku hata moja tulipoelekezwa kuchomeka waya kwenye kompyuta na kuona hesabu hizo zikifanya kazi. Nimekuja kuzielewa nikiwa na miaka ishirini na saba, kwenye baraza la nyumba ya mabati, ng'ombe wakinitazama.

Nilichofanya ni hiki. Fremu ya mbao ya saipresi, mita moja kila upande, na mizunguko mia moja ya ule waya mwembamba wa kufungia mota, niliounua kwa fundi mjini Nakuru. Kikuza sauti kidogo, halafu kebo moja kwa moja hadi kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Basi. Kadi ya sauti inayopima mara 48,000 kwa sekunde inaweza kuona chochote kilicho chini ya 24 kHz. Ni redio tayari, na mlikuwa nayo muda wote mkiitumia kwa mikutano ya video. Kwa 137 na 475 kHz haitoshi, huko unahitaji kipokezi halisi, lakini hapa ndipo pa kuanzia.

Siku ya kwanza sikupata kitu ila mngurumo wa stima, 50 Hz na watoto wake wote, pamoja na takataka za chaja za bei rahisi na balbu za LED za majirani. Nilikaribia kukata tamaa. Halafu, kama kawaida ya kwetu, stima ikapotea. Kijiji kizima kililalamika, mimi nikaruka juu! Skrini ilisafika, na kwenye 19.8 kHz ukasimama mstari mwembamba ulionyooka: kituo cha North West Cape, magharibi ya Australia, kinachozungumza na nyambizi, ng'ambo ya Bahari ya Hindi yote. Karibu na alfajiri mstari ule ukalegea, ukapanda, ukalegea tena, kwa sababu jua lilikuwa linapanda kati yetu na Australia na kubadilisha anga inayobeba mawimbi. Niliona mapambazuko kwenye laptopu kabla hayajafika Mau.

Mzee jirani alikuja kuuliza kama ninaiba stima. Nikamwonyesha mstari. Akautazama, akasema, "Kijana, na hizi alama nyingine zinazorukaruka ni nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo. Alama zile zilikuwa radi. Kila mmweko hutupa nguvu nyingi hapa chini, hasa kati ya 5 na 10 kHz, na mawimbi yake ya redio husafiri maelfu ya kilomita. Watu wa Ulaya wanaocheza na masafa ya chini huzilaani hizi kelele. Wao husubiri majira ya baridi, usiku mrefu usio na radi. Sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, lakini tumekaa jirani na bonde la Kongo na Ziwa Victoria, mahali penye radi nyingi kuliko karibu popote duniani. Kwa mtu wa 137 kHz ni laana. Kwa mtu wa Olenguruone ni habari.

Wenyeji wa Kericho na Olenguruone hawahitaji kuelezwa mvua ya mawe ni nini. Mwaka jana ilipiga chai ya mama kwa dakika ishirini hivi, na majani mabichi yakawa kama yamekatwakatwa kwa panga. Miezi ikapita bila kuchuma cha maana. Jirani yule yule alipoteza ng'ombe wawili kwa radi chini ya mti. Simtangazii mtu kwamba waya wangu ungezuia hayo. Lakini mtandao wa Blitzortung, unaoendeshwa na watu wa kujitolea kama mimi na wewe, huonyesha radi zinapopiga na dhoruba inaelekea wapi, kwa kulinganisha muda ambao mmweko mmoja umesikika kwenye vituo mbalimbali. Vituo vyake vingi viko Ulaya na Marekani. Radi ni zetu, masikio ni ya wengine.

Hapo ndipo ninapokasirikia wenzangu. Mnasema hatuna vifaa. Vifaa ni waya wa mota! Mnasema hakuna tatizo la kweli la kutatua, wakati tatizo linaanguka kutoka mbinguni likiwa na ukubwa wa yai. Na ugumu wenyewe ni wa kwenu kabisa. Mawimbi ya redio ya radi husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kosa la milisekunde 1 kwenye saa ya kompyuta ni kosa la kilomita 300, karibu mara mbili ya umbali wa moja kwa moja kutoka kwetu hadi Nairobi. Saa ya intaneti ya simu haifai hata kidogo. Unahitaji kipande cha GPS kinachotoa mpigo kila sekunde, halafu uandike msimbo wa kuulinganisha na kadi ya sauti ambayo nayo ina saa yake inayoteleza. Mimi nimekwama hapo hapo kwa siku tisa. Mwenye akili kunizidi aje.

Kabla hamjaniuliza: kusikiliza ni jambo moja, kurusha ni jingine. Ukitaka kurusha kwenye 137 au 475 kHz, leseni ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, usijifanye shujaa. Mimi sina bado, na uvivu ni wangu mwenyewe. Pia fremu iwe ndani au barazani. Usitundike waya mrefu juu ya mti kisha ukasubiri radi nao.

Kituo kimoja hakiwezi kujua radi ilipopiga. Ninahitaji watu wanne, mmoja Molo, mmoja Bomet, mmoja Narok, mmoja popote upande wa Kericho. Kompyuta iwe nzee, haidhuru. Waya ninao wa kutosha fremu mbili zaidi. Yule wa programu ya mikopo naye akitaka aje, chai ya mama ipo, ila aache dharau mlangoni.