Kisa Kisichotua

Mwaka 2023 nilikuwa mgeni Malinya, huko Ikolomani, Kakamega, nyumbani kwa rafiki yangu wa siku nyingi. Baada ya Maghribi tuliketi mbele ya televisheni kutazama Sultana, mchezo wa mfululizo ulioanza 2022, unaomhusu binti kipofu. Mamake rafiki yangu, ambaye wajukuu humwita Kukhu, naye macho yamemtoka nuru, husikiliza tu. Kipindi kilipokatika, aliniuliza: “Mwanangu, wewe ni mtu wa Pwani na kisa ni cha kwenu. Watakimaliza lini, nami ningali hai?”

Nilicheka, lakini swali lile halikunipa usingizi.

Kwanza tuwape haki wenye haki. Rashid Abdalla na Lulu Hassan, mume na mke, wametuletea Maria mwaka 2019, kisha Zora 2021, kisha huyu Sultana. Mtoto wa Malinya kusikia Kiswahili cha Pwani kila jioni si jambo dogo.

Lakini je, mwendo? Zamani Vitimbi, na baadaye Papa Shirandula, vilitupa kisa kwa juma. Michezo ya siku hizi hutoka siku tano kwa juma. Fanya hesabu, ni vipindi 260 kwa mwaka. Nazi moja hutoa tui zito, kisha jepesi. Ukizidi kuyakamua machicha wapata maji meupe. Ndipo siri ya Jumatatu hurudiwa Jumatano, na harusi huvunjwa mara tatu. Simlaumu mtunzi peke yake. Matangazo ya biashara hufuata watazamaji, na mchezo unaopendwa hauachwi ukafa kwa heshima.

Wako watakaosema kuwa hata Alfu Lela Ulela ilikatizwa kila alfajiri. Naam, lakini kila usiku msikilizaji alipata jambo jipya. Tazama Suratu Yusuf: aya 111 tu, toka kisimani hadi gerezani hadi hazina za Misri, na ndoto ya mwanzo ikajibiwa mwishoni. Tenzi zetu kadhalika: kila ubeti una maana yake kamili, na kina cha mwisho huukabidhi ubeti ufuatao. Huo ndio mwendo.

Wenyeji wa Malinya wanalijua hili. Fahali husindikizwa kwa isikuti, ngoma iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2014, na watu hungoja sana. Lakini mafahali wakikutana, mmoja hushinda, mwingine hukimbia, basi. Hakuna anayewatenganisha ili turudi Jumatatu.

Nasema basi: mwisho uandikwe kabla ya mwanzo kuonyeshwa, na idadi ya vipindi ijulikane. Charles Bukeko, Papa Shirandula mwenyewe, alipofariki Julai 2020, hakutuachia deni la kisa. Umri hauna kipindi kijacho, si kwa mwigizaji wala kwa mtazamaji.

Kesho yake usiku nilimwambia Kukhu kuwa mwisho siujui. Akasema, “Basi nisimulie wewe kimoja kinachoisha.” Nikamsimulia Fumo Liyongo, toka usaliti wa mwanawe hadi alipopiga goti kisimani akafa na upinde mkononi, watu wakiogopa kumkaribia. Chai ilikuwa haijapoa. Kukhu akapangusa macho, akashukuru, akaenda kulala.