Taa ya Kijani Si Ushahidi

Fundi wa mifumo ya kengele za moto na ulinzi hulipwa zaidi kwa kupima kuliko kwa kutengeneza, na hapo ndipo ugomvi wake na wenye majengo unapoanzia. Katika ofisi, hoteli na maghorofa ya Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa imeota mizizi imani kwamba mfumo ukishafungwa na taa ya kijani ikawaka kwenye paneli, kazi imekwisha. Fundi anayerudi kila baada ya miezi sita, akaondoka bila kubadilisha hata skrubu, huonekana mla pesa za bure. Imani hiyo ni potofu kiufundi, achilia mbali ubahili unaoisindikiza.

Kwenye paneli nyingi taa ya kijani husema jambo dogo sana: umeme upo. Paneli huchunga pia nyaya zake. Katika mfumo wa kawaida, mwisho wa kila waya hufungwa rezista, na mkondo mdogo hupita humo saa zote. Waya ukikatika mkondo hukoma na taa ya njano huwaka. Maarifa ya paneli yanaishia karibu hapo. Haioni mfuko wa plastiki ambao fundi rangi alikivika kitambua moshi akasahau kuuvua. Haijui kwamba mpangaji wa ghorofa ya tatu amejenga ukuta wa jipsamu akajipatia chumba kipya kisicho na kitambuzi chochote. Haijui kwamba jokofu la soda limeziba kitufe cha dharura, wala kwamba king'ora cha ukumbini hakimwamshi mgeni aliyelala nyuma ya mlango uliofungwa, feni ikivuma. Yote hayo yapo, na taa ni ya kijani.

Kwa udanganyifu, betri ndiyo inayoongoza. Mifumo mingi ina betri mbili za asidi za volti 12, zilizounganishwa kutoa volti 24. Kwa kawaida hutakiwa kuendesha mfumo saa 24 bila umeme, kisha kupiga ving'ora nusu saa zaidi. Joto ndilo adui yake: kwa kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango betri iliyoundiwa, umri wake hupungua kwa karibu nusu, na chumba cha umeme cha jengo la pwani hakijui baridi. Betri iliyochoka, ikiwa bado kwenye chaji, huonyesha volti zake kamili. Uchovu wake hujitokeza inapobebeshwa mzigo. Fundi hukata umeme akaubebesha mzigo huo makusudi. Mwenye jengo asiyetaka kulipia kipimo hicho atafanyiwa bure na mgawo wa umeme, kwa siku asiyoichagua.

Kengele ikilia ovyo, imani ileile huja na sura nyingine: mfumo ni msumbufu, basi unyamazishwe. Mlinzi hufundishwa kitufe cha kuubembeleza, na zoni ya jikoni huzimwa "kwa muda". Kitambua moshi cha mwanga hufanya kazi kwa kunasa mwanga uliotawanywa na chembe zilizo hewani, kwa hiyo mvuke wa bafuni, vumbi la ukarabati au buibui aliyeingia ndani huweza kukihadaa. Juu ya jiko panastahili kitambua joto. Hayo ni matengenezo ya saa chache, ila lazima mtu aitwe kuyafanya.

Upande wa ulinzi, picha inayocheza kwenye skrini humridhisha meneja hata kama diski ya kurekodia ilikufa zamani. Kufuli za sumaku ni hatari zaidi: hufungwa kuzuia wezi, na hupaswa kuachia mara kengele ya moto inapolia. Hatari ya kuhesabu wezi pekee inajulikana. Mwezi Machi 2001, katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 waliteketea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kama kufuli itaachia au la, njia ya kujua ni kuwasha kengele na kwenda kuusukuma kila mlango.

Wapo mafundi wanaotia saini kitabu, wakanywa chai, wakaondoka, na wenye majengo wana haki ya kulalamika juu yao. Lakini dawa yao si kufuta sevisi. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari za moto zinataka ukaguzi wa usalama wa moto mahali pa kazi kila mwaka. Ukaguzi huo hauzibi nafasi ya vipimo vya katikati ya mwaka. Kabla ya kulipa ankara, mwenye jengo anaweza kudai orodha: kitambuzi kipi kilipulizwa moshi, betri ilisoma volti ngapi chini ya mzigo, mlango upi ulifunguka na upi ulikataa.