Wanga wa Wanyama Usio wa Wanyama: Rai Kuhusu Istilahi za Sayansi

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Wakulima wa mahindi hapa Kapseret wanaufahamu ukweli wa methali hiyo, kwani baada ya mavuno ghala ndilo huamua kama familia italala njaa au la. Makala haya yanahusu ghala dogo zaidi, lililomo ndani ya vijiumbe wapendao joto kali, na yanauliza: je, istilahi zetu zinalieleza ghala hilo kwa usahihi?

Mnamo 1857, Claude Bernard wa Ufaransa aliitenga glikojeni kutoka katika ini. Ikazoeleka kuitwa wanga wa wanyama, na mfasiri wa Kiswahili hushawishika kulichukua jina hilo kwa kuwa linaeleweka upesi. Hata hivyo, kuvu na bakteria wengi huihifadhi pia. Aidha, mwaka 1982 watafiti waliripoti kuiona katika arkea wapendao joto, akiwemo Sulfolobus, ambaye hustawi katika maji ya asidi yenye joto la takriban nyuzi 80 za Selsiasi. Huyu si mnyama wala mmea.

Namna anavyoweka akiba inastaajabisha. Chakula kinapozidi mahitaji, seli huiunganisha glukosi na kibebaji kinachoipa nguvu ya kushikamana. Kimeng'enya kimoja huziunga glukosi hizo katika mnyororo. Kingine hukata kipande cha mnyororo na kukipachika ubavuni, likawa tawi. Njaa ikiingia, glukosi hunyofolewa mojamoja kutoka ncha za matawi. Kadiri matawi yanavyozidi, ndivyo ncha zinavyozidi na akiba kupatikana haraka. Zaidi ya hayo, glukosi nyingi zikiachwa huru zingevuta maji na kuifurisha seli, zikiunganishwa, hutulia. Haya yote hufanyika katika joto linalogandisha ute wa yai, kwa sababu protini za arkea hawa zimeumbika kulihimili.

Jina la arkea wenyewe lina kisa kinachofanana na hicho. Carl Woese na George Fox walipowabainisha mwaka 1977, waliwaita kwa jina lenye maana ya bakteria wa kale. Mwaka 1990, Woese na wenzake waliliondoa neno bakteria, kwa kuwa viumbe hawa ni kundi kuu linalojitegemea. Hapa Kenya tunao ushahidi wa jinsi jina linavyoweza kukwama: Natronobacterium, aliyepatikana katika Ziwa Magadi na kuelezwa mwaka 1984, ni arkea, ilhali jina lake lingali linatangaza ubakteria.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka huohuo wa 1990. Ilikuwa kazi adhimu, na hatuwezi kuilaumu kwa yale ambayo sayansi yenyewe ilikuwa ingali inayapanga upya. Lawama itatuangukia sisi endapo tutaifanya kamusi yoyote kuwa mwisho wa safari.

Wapo watakaodai kwamba istilahi ya maelezo humfaa mwanafunzi kuliko neno la mkopo. Hoja hiyo ina uzito, lakini maelezo yaliyofungwa ndani ya jina hugeuka kuwa uongo pindi maarifa yanaposonga mbele. Glikojeni, neno lililovishwa sauti za Kiswahili, halidai kuwa ni la mnyama wala la mmea. Kazi ya kueleza tuiachie sentensi, na vitenzi vyetu vinaiweza: kuunga, kupachika, kunyofoa.

Kwa hiyo, napendekeza mambo mawili. Kwanza, wahadhiri wetu wawaruhusu wanafunzi wa isimu na fasihi kuandika tasnifu za istilahi wakishirikiana na wanabiolojia. Pili, kila toleo la jarida hili litenge ukurasa wa kuchunguza upya istilahi chache za sayansi. Chemchemi za Bogoria zinatokota karibu nasi, zikiwa na vijiumbe wapendao joto ambao wanasayansi wamekuwa wakiwachunguza kwa miaka mingi. Mtoto wa Baringo anayeuliza ni nini kinachoishi humo anastahili kujibiwa kwa Kiswahili, tena jibu la kweli.